Ukiona Mapema, Unadaiwa Nini?

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anapofika Zaburi ya 7, Yeremia 17 au Ufunuo 2 hukutana na jambo linaloweza kumsimamisha kidogo. Panaposemwa kwamba Mungu huichunguza mioyo ya watu, viuno navyo vinatajwa. Moyo tunauelewa, maana hata sisi husema fulani ana moyo mwema au moyo mgumu. Lakini viuno vina nini cha kuchunguzwa? Katika Kiebrania cha Agano la Kale neno lililopo hapo ni figo, na Kigiriki cha Ufunuo nacho kinasema figo. Kwa watu wa Biblia, figo zilikuwa mahali pa siri kabisa ndani ya mtu, makao ya mawazo ambayo jirani hawezi kuyaona. Aliyewahi kuchinja mbuzi ataelewa kwa nini. Hufiki kwenye figo mpaka umeondoa matumbo, na hata hapo unazikuta zimefunikwa na mafuta, zimeshikamana na mgongo.

Siku hizi mwanadamu naye amepewa kupachungulia mahali hapo. Kwa ultrasaundi na mashine nyingine za picha, daktari anaziona figo za mtu aliye hai bila kumpasua. Watafiti wanajitahidi kwenda mbali zaidi: wanataka picha ionyeshe figo iliyoanza kudhurika ghafla, saa nyingi kabla mgonjwa hajavimba uso au kuanza kupoteza fahamu. Swali la insha hii si la kitabibu. Ni hili: mtu akipewa kuona mapema madhara yaliyofichika katika mwili wa jirani yake, anadaiwa nini? Na wapo kati yetu wanaosema kwamba kutafuta ugonjwa usioonyesha dalili ni kumtangulia Mungu. Tuwajibu nini?

Kiungo kisicholalamika

Kila figo ina ukubwa wa ngumi, na ndani yake mna vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Figo mbili hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote ambayo moyo unasukuma. Kwa siku moja huchuja kama lita 180 za maji, kisha hurudisha mwilini karibu yote na kuacha lita moja au mbili tu zitoke kama mkojo. Kazi hiyo yote hufanyika kimya. Jino likioza linauma, na tumbo likichafuka linajitangaza. Figo inaweza kuwa inakufa huku mwenye nayo akisema ana uchovu tu.

Kudhurika kwa ghafla kwa figo hutokea ndani ya saa au siku chache, na sababu zake tunazijua majumbani mwetu. Mtoto ameharisha na kutapika mpaka maji yamemwisha. Mzee ana malaria kali. Mama ametokwa na damu nyingi akijifungua, au amepata kifafa cha mimba. Kidonda kimeingiza maambukizi kwenye damu. Mtu aliyeishiwa maji mwilini anameza diklofenaki kwa ajili ya mgongo, au anakunywa dawa ya mitishamba ambayo hakuna anayejua imechanganywa na nini. Mwingine mkojo wake umezibwa na jiwe, na tezi dume iliyokua, au na saratani ya mlango wa kizazi.

Kipimo tulichokizoea ni cha damu, kinachopima taka iitwayo kreatinini. Ni kipimo kizuri, lakini huchelewa. Mfano wake ni gari la taka mtaani. Likiacha kupita leo asubuhi, leo hutaona kitu. Utajua kesho au kesho kutwa, rundo litakapokuwa kubwa na nzi wamejaa. Vivyo hivyo figo inaweza kuumia Jumatatu na kreatinini ikapanda Jumatano. Mtu anaweza hata kupoteza karibu nusu ya nguvu ya figo zake kabla namba haijavuka mpaka wa kawaida.

Jambo hili lilionekana kwa uchungu mjini London mwaka 1941, wakati wa mashambulizi ya mabomu. Daktari Eric Bywaters na mwenzake Desmond Beall waliandika habari za watu waliofukuliwa kwenye vifusi vya nyumba, ambao mikono au miguu yao ilikuwa imebanwa kwa saa nyingi. Walipofikishwa hospitali walionekana wako katika hali nzuri. Kisha mkojo ukapungua na kuwa wa rangi ya kahawia, na ndani ya kama wiki moja wakafa. Misuli iliyopondwa ilikuwa imemwaga ndani ya damu vitu vilivyoziba na kudhuru figo. Kwa macho ya kawaida watu hao walikuwa wamekwisha kuokolewa.

Tofauti ya siku mbili ni kubwa. Figo iliyokosa maji au damu kwa muda mfupi huweza kurudi kazini mgonjwa akiongezewa maji, dawa yenye madhara ikisimamishwa, au kizuizi kikiondolewa. Chembechembe zake zikisha kufa, kupona huchukua majuma, mgonjwa huenda akahitaji kusafishwa damu, na wengine hubaki na ugonjwa wa figo maisha yao yote.

Picha inaona nini

Ultrasaundi hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, kisha hupokea mwangwi wake na kuugeuza kuwa picha. Haina mionzi. Siku hizi zipo zinazoshikwa mkononi na kuunganishwa na simu. Kwa mgonjwa ambaye figo zake zimeingia matatani, picha hiyo husaidia kujibu maswali matatu. Je, figo zimesinyaa, dalili kwamba ugonjwa ni wa muda mrefu, au zina ukubwa wa kawaida na pengine tatizo ni jipya na linaweza kurekebishwa? Je, mkojo umezibwa mahali na figo inatanuka? Je, damu inapita kwenye figo kwa wepesi au kwa shida? Jibu la swali la pili peke yake linaweza kuokoa maisha. Mzee aliyezibwa na tezi dume akiwekewa mpira wa mkojo, figo zake huweza kuanza kupata nafuu siku ile ile.

Hata hivyo tusiisifu mashine kupita kiasi. Katika saa za kwanza, figo iliyoumia kwa kukosa damu au kwa sumu mara nyingi huonekana ya kawaida kabisa kwenye ultrasaundi. Ndiyo maana utafiti unaendelea. Mashine ya MRI inaweza kukadiria oksijeni iliyomo ndani ya figo bila kumchoma mgonjwa dawa yoyote ya rangi. Ultrasaundi inaweza kutumiwa pamoja na viputo vidogo sana vya gesi vinavyosafiri ndani ya damu na kuonyesha mahali inapofika na isipofika, na gesi hiyo hutoka kwa pumzi, si kwa mkojo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Nanyang, Singapore, walichapisha habari za molekuli zinazong'aa zinapokutana na dalili za mwanzo kabisa za figo kudhurika. Walifaulu kuona madhara hayo kabla vipimo vya kawaida havijabadilika. Waliyaona kwa panya, wala si kwa binadamu, na safari kutoka kwa panya hadi kwa mgonjwa ni ndefu. Lakini mwelekeo unaonekana. Kila mwaka jicho la mwanadamu linaingia ndani zaidi, na mapema zaidi.

Je, ni kumtangulia Mungu?

Baadhi ya waamini husema hivi: "Mungu amekificha kiungo hiki makusudi. Anayetaka kujua kabla ya wakati anakosa imani. Tusubiri, ugonjwa ukija tutaomba." Neno hili lisidharauliwe, maana ndani yake kuna jambo la kweli. Wapo watu ambao hofu imekuwa mungu wao. Wanapima leo, wanapima kesho, na hakuna majibu yanayowapa amani. Hapo hata picha safi haiponyi, kwa sababu kinachoumwa si figo.

Lakini hoja yenyewe haisimami mbele ya Maandiko. Isaya 38 inatueleza habari za mfalme Hezekia aliyekuwa mgonjwa wa kufa. Mungu alikuwa amekwisha kumwahidi kwamba atapona. Hata hivyo nabii aliagiza tini zichukuliwe na kuwekwa juu ya jipu. Ahadi ilikuwapo na dawa ilikuwapo, na Isaya hakuona kwamba kimojawapo kinakitukana kingine. Tena mtazame Nuhu, ambaye Waebrania 11 inamweka katika orodha ya mashujaa wa imani. Alipiga misumari kabla tone la mvua halijaanguka. Kwa mtazamo wa wale wanaosema tusubiri dalili, Nuhu alikosa imani. Maandiko yanasema kinyume: imani yake ilionekana katika kuchukua hatua mapema juu ya jambo ambalo hakuna aliyeliona bado.

Na Yusufu je? Katika Mwanzo 41 alionyeshwa njaa ikiwa bado imejificha ndani ya ndoto ya Farao, nje mashamba yakiwa yanastawi. Tunakumbuka kwamba alifasiri ndoto. Tusisahau sentensi zilizofuata mara moja. Hakuishia kueleza alichokiona. Alimwambia Farao atafute mtu mwenye akili, aweke wasimamizi, akusanye sehemu ya tano ya mavuno na kuyatunza mijini. Yusufu angefasiri tu na kurudi gerezani, Misri ingekufa njaa ikiwa inajua kabisa kwamba inakufa.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha swali letu. Kuona mapema si dhambi wala si wokovu. Ni kupewa muda. Na anayepewa muda kwa ajili ya jirani yake anaulizwa ameutumiaje.

Wote watatu waliona

Mfano wa Msamaria mwema katika Luka 10 tumeuhubiri mara nyingi, na kwa kawaida tunazungumzia huruma. Tuangalie mara hii kitendo cha kuona. Luka anasema kuhani alimwona yule majeruhi. Mlawi naye alifika mahali pale akamwona. Msamaria pia alimwona. Kwa lugha ya hospitali, wote watatu walikuwa na picha ile ile. Hakuna aliyekosa habari. Kilichowatenganisha ni kile kilichofuata: mafuta, divai, punda, nyumba ya wageni, dinari mbili, na ahadi ya kurudi kulipa zaidi.

Sasa fikiria mama katika kituo cha afya cha wilaya, siku mbili baada ya kujifungua kwa shida na kutokwa na damu nyingi. Amepigwa ultrasaundi na kupimwa damu, akaambiwa figo zake zimeanza kushindwa, aende hospitali ya rufaa. Nauli hana. Mume yuko machimboni, simu haipatikani. Ile picha imemfanyia nini? Imemwongezea hofu juu ya maumivu. Aliyempa majibu hayo na kuita mgonjwa mwingine ameona na kupita upande wa pili, hata kama alisoma picha kwa ufundi mkubwa.

Wapo wanaotoa hapa hitimisho la haraka: basi, kama hatuna njia ya kumtibu, afadhali tusiangalie. Sikubaliani nao. Mithali 24 inamzungumzia mtu anayejitetea kwamba hakujua habari za wale wanaopelekwa kufa, na inamkumbusha kwamba yupo anayepima mioyo ambaye udhuru huo haumdanganyi. Kutojua kwa bahati mbaya ni jambo moja. Kuchagua kutojua ili tusidaiwe ni jambo lingine, nalo ni uovu uliovaa nguo za unyenyekevu. Tena katika ugonjwa huu, maneno "hatuna njia" mara nyingi si ya kweli. Dripu ya maji, kusimamisha dawa moja, mpira wa mkojo: hivi si vitu vya nchi tajiri peke yake. Hata kusafisha damu kuna njia isiyohitaji mashine kubwa, ambapo maji maalumu huingizwa tumboni kwa mrija, yakavuta taka kupitia utando wa tumbo, kisha yakatolewa. Hospitali ya KCMC iliyoko Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema, imetumia njia hiyo kwa wagonjwa ambao figo zao zimedhurika ghafla. Jina la shirika hilo si pambo.

Upande mwingine, yapo macho yasiyopaswa kufunguliwa ovyo. Kuna wanaouza vipimo vya mwili mzima kwa kuwatisha watu wazima wenye afya, si kwa ajili ya kuwatibu bali kwa ajili ya pesa. Na tukumbuke kwamba kuona kwenyewe kunaweza kujeruhi. Dawa ya rangi yenye ayodini, inayochomwa ili picha ya CT ionekane vizuri, inaweza kuzidhuru figo zilizokwisha kudhoofika. Mwaka 2006 iligunduliwa kwamba dawa ya gadolini, inayotumika kwenye MRI, ilihusiana na ugonjwa wa kukakamaa kwa ngozi na viungo kwa baadhi ya watu ambao figo zao zilikuwa zimeshindwa. Kwa hiyo daktari mwaminifu hujiuliza kabla ya kumlaza mgonjwa chini ya mashine: nikiona ninachokitafuta, nitafanya nini tofauti? Asipokuwa na jibu, anamtumia mgonjwa kushibisha udadisi wake. Mungu achunguzapo viuno hachunguzi kwa udadisi. Yeremia anasema wazi kwamba Mungu huchunguza ili atende, ampe kila mtu kwa kadiri ya njia zake.

Mashine na kikombe

Linabaki swali la haki. Je, ni sawa mamilioni ya fedha yatumike kung'arisha figo za panya huku zahanati nyingi vijijini zikiwa hazina hata kipimo cha kreatinini? Mwaka 2013 Chama cha Kimataifa cha Magonjwa ya Figo kilianzisha mpango wenye lengo kwamba, kufikia mwaka 2025, asiwepo mtu anayekufa kwa kudhurika kwa ghafla kwa figo pale ambapo kifo hicho kingeweza kuzuilika. Mwaka huo umefika, na watu bado wanakufa hivyo, hasa katika nchi kama zetu.

Sidhani jibu ni kuwalaani watafiti. Ultrasaundi nayo ilikuwa kitu cha ajabu cha maabara chache, na leo iko kwenye hospitali za wilaya. Lakini tusidanganyike kwamba kuona mapema kunaanzia kwenye mashine. Mwaka 2022 nchini Gambia watoto wapatao 70, wengi wao wadogo wa chini ya miaka mitano, walikufa kwa figo kushindwa ghafla. Mwezi Oktoba mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya dawa nne za maji za watoto zilizokutwa na sumu ya diethileni glaikoli na ethileni glaikoli. Wazazi walikuwa wameeleza dalili iliyowatisha: mtoto ameacha kukojoa. Jicho la kwanza juu ya figo za wale watoto lilikuwa la mama mwenye nepi kavu mkononi.

Hata vigezo vya kimataifa vya mwaka 2012 vinavyotumiwa na madaktari kutambua ugonjwa huu vinatambua jicho hilo. Pamoja na kreatinini, vinataja mkojo: ukiwa chini ya nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa kila saa, kwa muda wa saa sita, ni dalili. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni chini ya mililita 180 katika saa sita, kiasi kisichojaza kikombe cha chai. Kukipima hakuhitaji umeme wala mtaalamu kutoka mjini. Kunahitaji mtu anayekaa na mgonjwa na kumjali kiasi cha kutokuona aibu kumwuliza habari za haja ndogo.

Ndiyo maana naamini deni hili ni letu pia, sisi tusio na mashine. Jumuiya zetu zinawatembelea wagonjwa kila wiki. Tunaimba, tunaomba, tunaacha sabuni na sukari. Hayo yaendelee. Tuongeze swali moja tusilolizoea: "Mama, tangu asubuhi umekwenda haja ndogo?" Anayeharisha tumsihi asimeze dawa za maumivu kiholela, na tumpatie maji ya chumvi na sukari. Mwenye malaria kali, aliyejifungua kwa shida na aliyeng'atwa na nyoka, mkojo wao ukipungua au ukibadilika rangi, tusingoje Jumapili tuwataje kwenye maombi. Tuwapeleke siku ile ile. Na mfuko wa diakonia wa usharika uwe na fedha za nauli zinazoweza kutolewa usiku, bila kusubiri kikao cha wazee, ili yule mama aliyeambiwa aende hospitali ya rufaa apate gari kabla ya mapambazuko.